Mohamed Amin: Kamera iliyowafichua akina mama wa Korem

MNAMO Oktoba 23, 1984, watazamaji wa televisheni ya BBC nchini Uingereza walionyeshwa uwanda wa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, ukiwa umejaa watu waliohamishwa makwao na njaa. Aliyeshika kamera alikuwa Mkenya, Mohamed Amin. Maelezo yalisomwa na mwanahabari Michael Buerk.

Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka wa 1943, akakulia Dar es Salaam. Huko ndiko alikoanzisha kampuni yake ya Camerapix angali kijana wa miaka 20 hivi. Alinasa mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na baadaye ujasiri huo ukamtia gerezani kisiwani humo kwa karibu mwezi mmoja. Alikuwapo pia na kamera yake Tom Mboya alipouawa mwaka wa 1969.

Hata hivyo, kilicholivumisha jina lake duniani ni Korem. Msomaji wa Bondeni, aliyezoea joto la kisiwa cha Mombasa, aelewe kwamba Korem iko nyanda za juu na usiku wake ni wa baridi kali. Wengi kambini hawakuwa na paa. Akina mama walilala chini, wamejitanda nguo moja na watoto wao, na kulipopambazuka baadhi hawakuamka. Huko Mekele, muuguzi wa Msalaba Mwekundu alilazimika kuchagua watoto wachache wa kulishwa, maana chakula hakikuwatosha wote. Waliosalia walirudi mikononi mwa mama zao.

Filamu hiyo ilirushwa na mamia ya vituo. Wanamuziki wa Uingereza na Marekani wakachangisha mamilioni ya fedha, hasa katika tamasha la Live Aid la Julai 13, 1985.

Zipo lawama, nazo si za kupuuzwa. Picha zilidhihirisha ukame kuliko vita vya serikali ya Mengistu Haile Mariam dhidi ya waasi, vilivyoizidisha njaa. Tena wanawake ambao nyuso zao zilifungua mifuko ya walimwengu hawakutajwa majina. La kumtetea Amin ni kwamba maonyo ya maandishi yalikuwa yametolewa kabla ya hapo, na wenye uwezo hawakushtuka.

Juni 1991, ghala la silaha lililipuka jijini Addis Ababa. Mwenzake, John Mathai, aliuawa. Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alirejea kazini na mkono wa bandia.

Novemba 23, 1996, akisafiri kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ndege ya shirika la Ethiopia ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija, Comoro. Watu 125 kati ya 175 walifariki. Inaelezwa kuwa Amin, aliyekuwa na umri wa miaka 53, alikuwa amesimama akibishana na watekaji.