Frank Shuman: Fundi aliyelitumikisha jua huko Misri

Mkaazi wa Changamwe hahitaji kuelezwa habari za mafuta. Tangu miaka ya 1960 hadi mwaka wa 2013 kiwanda cha kusafishia mafuta kilifanya kazi mtaani mwake, na mitambo ya umeme ya Kipevu kwa miaka mingi imeyachoma mafuta yaliyoletwa na meli. Wala hahitaji kuelezwa ukali wa jua, maana ndilo likaushalo mbata na ng'onda za Likoni na Kisauni. Lakini ni wachache wajuao ya kwamba zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika bara letu hili la Afrika, mtu mmoja alilitia jua kazini mahali pa makaa ya mawe, na likafanya kazi. Jina lake ni Frank Shuman.

Shuman alizaliwa Brooklyn, mjini New York, mwaka wa 1862. Alikuwa fundi wa kubuni vitu. Kilichompatia mali ni kioo chenye wavu wa waya ndani yake, ambacho kikivunjika vigae havitawanyiki vikadhuru watu. Kwa mapato hayo aliweza kuendesha majaribio yake mwenyewe huko Tacony, kitongoji cha mji wa Philadelphia, na hapo ndipo alipoanza kushughulika na jua.

Mwaka wa 1907 aliwaonyesha watu injini ndogo. Alitengeneza sanduku lililofunikwa kwa kioo, na ndani yake akaweka mabomba meusi yaliyojaa etha, ambayo huchemka upesi kuliko maji. Mvuke wake ukaendesha injini bila ya kijiti cha kuni. Mwaka wa 1911 alijenga mtambo mkubwa zaidi, huu ukitumia maji. Lakini Philadelphia ni mji wa mawingu na baridi, na Marekani makaa ya mawe yalikuwa rahisi. Shuman akaitazama Misri. Huko jua ni tele, wakulima wa pamba walihitaji maji ya Mto Nili, na makaa ya kuendeshea pampu yaliletwa kwa meli kutoka Uingereza kwa bei ya juu. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, hapo ndipo jua lingeweza kushindana na makaa.

Fedha alizipata kwa matajiri wa London, nao wakataka mpango wake uchunguzwe kwanza na mtaalamu wa Kiingereza, C. V. Boys. Huyu alishauri vitumiwe vioo virefu vilivyopindwa mfano wa hori la kunyweshea ng'ombe, ili miale yote ikutane kwenye bomba moja la maji. Shuman hakuona haya kubadilisha mpango wake.

Kazi ilifanyika Maadi, karibu na Kairo. Mwanzo haukuwa mwema. Vyombo vya kuchemshia maji vilikuwa vya zinki, na joto likavilegeza hata vikaharibika. Ikabidi vitolewe, viwekwe vya chuma. Mwezi wa Julai 1913 wageni walialikwa, miongoni mwao Lord Kitchener, mwakilishi wa Uingereza nchini Misri. Waliona safu tano za vioo, kila moja urefu wa mita 62 na upana wa mita 4, zikiligeukia jua zenyewe tangu asubuhi hata jioni. Mvuke uliendesha injini, na pampu ikavuta maji zaidi ya lita 20,000 kwa dakika.

Sifa zikaenea. Kitchener akaahidi shamba la pamba huko Sudan, na Wajerumani wakataka mtambo kama huo katika koloni lao la kusini-magharibi ya Afrika. Shuman naye akapiga hesabu kwamba vioo vya kuenea maili za mraba 20,000 katika jangwa la Sahara vingetosha kuipa dunia nguvu zote ilizohitaji wakati huo.

Mwezi wa Agosti 1914 Vita Vikuu vikaanza. Mafundi wa Maadi wakarejea makwao, na mtambo ukavunjwa, chuma chake kikachukuliwa. Shuman aliaga dunia Aprili 1918, mwenye umri wa miaka 56, kabla vita havijakwisha. Vilipokwisha, Wajerumani hawakuwa na makoloni tena, na Waingereza walikuwa wamekwisha kuelekeza macho kwenye mafuta ya Uajemi. Mafuta yalikuwa rahisi, yakipakiwa melini yakapelekwa popote, wala hayakungoja kupambazuke. Habari za Maadi zikasahauliwa.

Mabamba ya sola tuyaonayo leo juu ya mapaa si kazi ya Shuman. Asili yake ni chombo cha silikoni kilichotengenezwa Marekani mwaka wa 1954, ambacho hugeuza mwangaza kuwa umeme moja kwa moja. Hata hivyo, swali alilouliza Shuman lingali pale pale: kwa nini mtu angoje meli imletee kwa bei ghali nguvu ambazo zamwangukia juani kila siku? Apandaye mnazi huenda asijaaliwe kunywa madafu yake. Lakini haifai wanywaji wamsahau mpandaji.