Mwana wa Mwami na Siku Kumi na Tano

Hapa chuoni, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukikaribia, kuna swali linaloulizwa kabla ya lile la sera: mgombea ni mtu wa wapi? Ukishajua mkoa wake, umeshajua nani watamchagua. Wengi wetu tunaona ni mambo ya kawaida tu, utani wa mabwenini. Mimi siku hizi nikilisikia swali hilo namkumbuka Louis Rwagasore.

Alizaliwa Gitega mwaka 1932, mtoto wa Mwambutsa wa Nne, Mwami wa Burundi. Akasoma Astrida huko Rwanda, kisha akapelekwa Ubelgiji. Mtu wa ukoo ule angeweza kupewa utemi na kula maisha yake kimya kimya, Wabelgiji wangefurahi sana. Yeye aliporudi akaingia kwenye ushirika. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na waliomuunga mkono wengi wao walikuwa watu wa mjini Usumbura, wakiwemo Waswahili wa Buyenzi. Ushirika wenyewe haukwenda vizuri, tusidanganyane. Ulielemewa na madeni. Ila kupitia kwao akapata watu, na watu hao ndio wakawa nguzo ya chama cha UPRONA pale mjini.

Sasa, tukisikia mgawanyiko wa Burundi tunafikiria Wahutu na Watutsi basi. Wakati ule ugomvi mkubwa wa kisiasa ulikuwa kati ya koo mbili za kifalme, Wabezi na Watare. Rwagasore alikuwa Mbezi. Wapinzani wake wakuu katika chama cha PDC, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, walikuwa Watare, watoto wa mtemi Baranyanka, na watawala wa Kibelgiji waliwapenda wao. Lakini jirani kabisa, Rwanda, mapinduzi ya 1959 yalikuwa yameshaanza kumwaga wakimbizi wa Kitutsi mpakani. Kila mtu Burundi aliona moto ulivyo. Kwa hiyo chama kilichoweka Wahutu, Watutsi na Waganwa meza moja hakikuwa pambo. Paul Mirerekano, Mhutu, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Nje ya nchi walisaidiwa na TANU ya Nyerere, katika nchi jirani.

Wabelgiji walijaribu kumzuia kwa karatasi kwanza. Agosti 1960, katika mkutano wa Brussels, ikapitishwa kwamba ndugu wa karibu wa Mwami wasifanye siasa. Hata mtoto mdogo angejua sheria ile ilimlenga nani. Kisha Oktoba wakamweka kizuizini, akafunguliwa Desemba, uchaguzi wa serikali za mitaa ukiwa umeshapita. PDC ikaongoza, UPRONA ikaachwa mbali.

Nadhani wengi wetu tungekimbilia kwa watu wa ukoo wetu hapo, tuseme tumeonewa sisi. Yeye aliendelea na chama kile kile cha mchanganyiko. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Aliposema redioni baada ya ushindi huo, hakuwacheka walioshindwa. Alitaka ushindi uwe wa nchi nzima, na walioshindwa wasiogope. Baraza lake la mawaziri likawa na Wahutu na Watutsi, Pierre Ngendandumwe, Mhutu, akiwemo.

Alikuwa waziri mkuu tangu tarehe 28 Septemba. Hesabu mwenyewe: usiku wa tarehe 13 Oktoba, akiwa anakula chakula katika hoteli ya Tanganyika kando ya ziwa, alipigwa risasi akafa. Umri wake miaka 29. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Kageorgis, na nyuma yake walikuwapo watu wa PDC, Ntidendereza mmojawapo. Kageorgis aliuawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Januari 1963 Ntidendereza na wenzake wakanyongwa Gitega.

Kinachoniumiza zaidi ni yaliyofuata ndani ya chama chake mwenyewe. Nafasi ya uwaziri mkuu ilichukuliwa na shemeji yake, André Muhirwa, Mganwa. Mirerekano naye akaudai uongozi wa chama, na chama kikaanza kupasuka Wahutu huku, Watutsi kule. Hapo ndipo naona kasoro ya kazi ya Rwagasore: umoja ule ulikuwa umeshikwa na mtu mmoja, tena mwana wa Mwami, anayekubalika kila upande. Hakupewa muda wa kuufanya usimame bila yeye. Siku kumi na tano zinatosha nini?

Ngendandumwe naye aliuawa Januari 1965, akiwa waziri mkuu. Mwaka huo huo Mirerekano akapigwa risasi na serikali. Mwaka 1972 ukaja na mauaji ambayo wazee wa Kigoma bado wanawakumbuka waliokimbilia kwao. Mkataba wa amani ulisainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, na ndani yake wakakubaliana kugawana viti kwa makabila, kwa asilimia, jambo ambalo UPRONA ya 1961 haikuhitaji kuandikiwa.

Kaburi lake lipo Vugizo, mlimani, juu ya mji.