Dr. Krapf na Mlango Uliofungwa

Wako wengi katika usharika wetu wanaobeba swali moja kimyakimya. Mtu ameomba kwa uaminifu, amefanya lililo wajibu wake, na bado mlango umefungwa. Kijana amemaliza masomo, kazi hakuna. Mama anauguza mwaka wa tatu, na mgonjwa hapati nafuu. Je, Mungu ametusahau? Katika toleo hili tumeona vema tusimulie maisha ya mtu ambaye jina lake wengi wetu tulilisikia shuleni, lakini majonzi yake hatukufundishwa sana: Dr. Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari, 1810, katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alisoma katika chuo cha wamisionari huko Basel, Uswisi, kisha akatumwa na chama cha C.M.S. cha Kanisa la Uingereza kwenda Ethiopia. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo, taifa kubwa ambalo vitabu vya zamani viliwaita Wagala. Aliamini kwamba hilo ndilo shamba alilopewa na Bwana.

Lakini mwaka 1838 alifukuzwa katika nchi ya Tigre. Akazunguka njia nyingine, akaingia Shoa, akakaa huko karibu miaka mitatu. Mwaka 1842 alitoka Shoa kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, wakaoana huko Misri. Alipotaka kurudi, njia ilikuwa imefungwa nyuma yake. Walijaribu tena kuingia Ethiopia, na katika safari hiyo ngumu Rosine alijifungua mtoto nyikani. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Mtoto huyo hakuishi, wakamzika palepale njiani.

Basi Krapf akawaza: kama mlango wa kaskazini umefungwa, labda tutawafikia Waoromo kwa kupitia pwani ya Afrika Mashariki. Januari 1844 walifika Unguja, na Sultani Seyyid Said akawapokea vizuri na kumpa Krapf barua ya kumpitisha. Mwezi wa Mei walikuwa wamekaa Mombasa. Mwezi wa Juni, Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, naye hakuwa ameishi pwani hata nusu mwaka.

Kisha homa ikaingia nyumbani. Tarehe 13 Julai, 1844, Rosine alifariki, siku chache tu baada ya kujifungua binti. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Kabla ya juma kwisha mtoto naye akafa. Mtu huyu aliyefiwa akabaki peke yake katika mji wa wageni, bila mwenzake wa imani. Wafu wake walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na makaburi yapo hata leo.

Hapa tusimame kidogo. Wakati huo Krapf hakuwa na ishara yoyote iliyomwonyesha kwamba amefika mahali alipotakiwa. Waoromo hakuwafikia, familia hakuwa nayo, wala hapakuwa na Mkristo hata mmoja aliyeongoka kwa kazi yake pale pwani. Hata hivyo aliwaandikia wakubwa wake wa C.M.S. kwamba kaburi lile ni alama ya vita vilivyokwisha anza katika upande huu wa Afrika, na kwamba ushindi wa Kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Alipopata nguvu akarudi mezani kwenye maneno yake ya Kiswahili. Kazi aliyoiona mbele yake siku ile ndiyo aliyoifanya.

Alingoja karibu miaka miwili ndipo akapata mwenzake, Johannes Rebmann, mwaka 1846. Mwezi wa Agosti walihamia Rabai, wakiupanda mlima ule wote wawili wakiwa dhaifu kwa homa. Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Krapf alifika pia Usambara kwa Mfalme Kimweri. Mwaka 1851, katika safari ya Ukambani, msafara wake ulishambuliwa, na mwenyeji wake, Kivoi, akauawa. Krapf alitangatanga porini peke yake kwa njaa na kiu, akichukua maji katika mitutu ya bunduki yake. Aliokoka, lakini mpango wake wa kufungua kituo huko ulivunjika.

Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kurudi Ulaya. Alikuwa ameota ndoto ya vituo vya Injili vilivyopangana kama mnyororo kuvuka Afrika nzima. Nyuma yake aliacha kituo kimoja, Rabai, na waumini wachache mno. Wa kwanza kubatizwa huko alikuwa Mringe, maskini kiwete, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa.

Je, maisha hayo yalipotea bure? Sisi tuliotumia miaka yetu darasani tunafahamu jibu moja wapo. Mwaka 1850 Krapf alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ikapigwa chapa London mwaka 1882. Lugha aliyojifunza ili impeleke kwingine ndiyo iliyokuwa shamba lenyewe. Leo mamilioni husali kwa lugha hiyo. Tena Krapf alitazamia siku ambayo Waafrika wenyewe wangekuwa makasisi na maaskofu. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler huko Frere Town, karibu na Mombasa. Na mwaka 1955 Festo Olang' na Obadiah Kariuki wakawekwa wakfu kuwa maaskofu. Krapf hakuyaona hayo. Alifariki huko Korntal, Ujerumani, Novemba 1881, hata kamusi yake haijatoka. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Ndugu zetu, tusifundishane kwamba mwenye imani hupata kila aombalo. Krapf aliomba mke wake apone, na hakupona. Ibrahimu aliondoka kwao bila kujua aendako, naye pia alizeeka hemani. Kumtumaini Mungu si kujua mwisho wa njia. Ni kuamini kwamba Yeye anaujua, kisha kuishika kazi iliyo mkononi leo: kijana aendelee kujifunza ufundi na kutafuta, mama aendelee kumwosha mgonjwa wake, na sisi wengine tusiwaache peke yao kama Krapf alivyoachwa na ukiwa mwaka ule. Tuwatembelee, tuwasaidie, tusali pamoja nao.

Mlango uliofungwa mbele yetu huenda usifunguliwe kamwe. Lakini Bwana aliye pande zote mbili za mlango ni mmoja. Yeye na atutie nguvu. Amina.