Wangila angekuwa ulingoni leo, angetoboa?

Ingia kinyozi yoyote Ruiru siku kuna pambano kubwa, utasikia yale yale. Ali angemfanya nini Fury? Tyson wa enzi zake na Usyk, nani angelala? Mjadala ni mtamu, lakini wasee, mbona tunavuka bahari kila siku na tuko na wetu? Kuna Robert Wangila Napunyi. Hakuwa wa uzani mzito, alikuwa welta, kilo 67. Lakini mpaka leo ndiye Mkenya pekee aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki kwa ndondi. Dhahabu zetu zingine zote zimeletwa na wakimbiaji.

Wangila alizaliwa Nairobi mwaka wa 1967. Alikuwa wa kizazi kile cha Hit Squad ambacho Afrika nzima ilikiogopa. Mwaka wa 1988 Kenya ilitoka Seoul na dhahabu tano. Nne zilikuwa za riadha: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilikuwa ya Wangila, kijana wa miaka 21. Kwenye fainali alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Ukiondoa Afrika Kusini, hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imewahi kupata dhahabu ya ndondi kabla yake.

Hiyo nokauti ilikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye michezo hiyo hiyo, uzani mmoja tu juu yake, Mmarekani Roy Jones Jr. alimpiga mwenyeji Park Si-Hun raundi zote, kisha majaji wakampa Park ushindi. Mpaka leo watu huitaja kama wizi. Wangila hakuwaachia majaji kazi yoyote.

Sasa tumhamishe enzi. Baada ya aibu ya Seoul, ndondi za ridhaa zilianza kuhesabiwa kwa kompyuta kutoka Olimpiki ya 1992. Majaji walibonyeza vitufe, na ngumi nyepesi iliyogusa ilikuwa na pointi sawa na kombora la kuangusha mtu. Hapo, kusema ukweli, Wangila angeumia. Mfumo huo ulipenda mtu wa kugusa na kutoroka, na yeye hakuwa wa kugusa.

Leo angepumua kidogo. Majaji wamerudi kwa mfumo wa pointi kumi kwa raundi, na tangu Rio 2016 wanaume wanapigana bila kofia ya kukinga kichwa. Mkono mzito unahesabika tena. Shida ingekuwa mizani. Seoul ilikuwa na uzani 12 wa wanaume, Paris 2024 ilikuwa na saba tu, na kilo 67 haikuwepo. Angekuwa na mawili: ajikaushe mpaka 63.5, au apande 71 akutane na majamaa wakubwa kumliko. Mimi naona angepanda, na bado angeleta medali.

Upande wa pesa, enzi yake ilikuwa ngumu. Bondia Mkenya aliyetaka kuishi kwa ngumi mara nyingi alilazimika kupanda ndege. Philip Waruinge alienda Japani, na Wangila akaenda Marekani mwaka wa 1989. Alipigana mara 27 na kushinda 22. Mkanda wa dunia hakuupata. Lakini ona hii: Boudouani, yule aliyelazwa Seoul, alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA kutoka 1996 hadi 1999. Kwa hivyo kipaji cha Wangila hakikuwa cha kubahatisha. Alimpiga bingwa kabla hajakuwa bingwa.

Boudouani alipovaa ule mkanda, Wangila alikuwa kaburini miaka miwili tayari.

Julai 22, 1994, pale Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Raundi ya tisa refa Joe Cortez aliona yametosha, akasimamisha. Wangila hakukubali kabisa. Alilalamika, alitaka kuendelea, akatoka ulingoni kwa miguu yake. Akiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo alizimia, na Julai 24 akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Ndio maana swali la nani angempiga nani halinitoshi. Je, enzi yetu ingemwokoa? Natamani kusema ndiyo. Sheria zimebadilika sana: kifo cha Mkorea Kim Duk-koo mwaka wa 1982 ndicho kilichosukuma mapambano ya ubingwa kushuka kutoka raundi 15 hadi 12. Lakini hayo yalikuwepo tayari 1994. Refa alikuwepo, na alisimamisha. Na juzi tu, Agosti 2025, mabondia wawili wa Japani walifariki kutokana na majeraha waliyopata usiku mmoja, ukumbi mmoja, Tokyo. Sasa hivi, na vipimo vyote hivi.

Kichwa kikitikiswa sana, mishipa midogo juu ya ubongo hupasuka na damu hujikusanya polepole ndani ya fuvu. Mtu anaweza kusimama, kuongea, hata kubishana na refa, na tayari yuko hatarini. Kwa hivyo bondia akisema yuko sawa, hilo si jibu. Yeye ndiye wa mwisho kujua.

Naandika haya kwa sababu vijana wanaovaa glavu huku kwetu wako wengi, kutoka Kiandutu na Makongeni pale Thika mpaka Githurai. Wengine ndoto yao ni Magereza, wenye chuo cha mafunzo hapa Ruiru, kwa sababu timu za vikosi zimewapa mabondia wengi mshahara na sare. Ndoto poa. Lakini kabla ujiunge na jimu yoyote, usiangalie tu picha za mikanda ukutani. Angalia kocha hufanya nini kijana wake akipigwa vibaya mazoezini. Anamrudisha kesho yake, au anampumzisha wiki kadhaa na kumtuma hospitali? Anaweza kurusha taulo mbele ya umati? Mtu akisema kichwa kinauma, anachekwa?

Basi, Wangila angetoboa leo? Kwa ngumi, bila wasiwasi. Mkono ule ungetoboa enzi yoyote. Lakini refa wa 1994 alikuwa sahihi na bado alichelewa. Kijana wako akisimamishwa Jumamosi hii na aanze kulia ameonewa, mshike bega, mpeleke hospitali, halafu mjadili pointi Jumatatu.