Dakta Williamson na Almasi za Mwadui

Wachimbaji wa Segese, ambao huhesabu mapato yao kwa gramu za dhahabu, wanalijua jina la Mwadui, maana iko mashariki kwao katika mkoa huohuo wa Shinyanga. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wamjuao vema mtu aliyeuachia mgodi ule jina lake?

John Thoburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, Kanada, akasomea elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill hata akapata shahada ya udaktari. Alifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, kisha katika machimbo ya almasi ya Mabuki, kusini ya Mwanza. Alipoanza kutafuta kwa nafsi yake alikuwa na fedha haba, akategemea msaada wa I. C. Chopra, mwanasheria wa Mwanza, aliyekuja kuwa mshirika wake. Mwezi Machi 1940 almasi zikapatikana Mwadui. Mwamba wake ulienea kiasi cha hekta 146, na ni miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya almasi iliyopata kuchimbwa duniani.

Wakati ule ulikuwa wa vita. Mtu asidhani kuwa almasi ni pambo la vidole tu. Zile zisizofaa kwa vito hukata, hunoa na kutoboa vyuma vigumu, na viwanda vilivyounda ndege na mizinga vilizihitaji mno. Kampuni ya Williamson Diamonds iliundwa mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto.

Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, yenye karati 54.5 kabla ya kukatwa. Williamson aliitoa zawadi ya arusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza.

Hatutamnyima sifa yake. Alijenga mji mzima porini, wenye karakana, hospitali na uwanja wa ndege, na alithubutu kushindana na De Beers, waliotaka kutawala biashara ya almasi duniani kote. Watu wa namna hiyo walikuwa wachache. Lakini udongo ule haukujichimba. Waliouchimba, wakaubeba na kuuchambua chini ya ulinzi mkali walikuwa wafanyakazi wa Kiafrika, Wasukuma na wengineo, ambao hawakuwa na hisa hata moja, na majina yao hayakuandikwa katika jiwe lolote. Kila asifiwapo Daktari, sisi tunawakumbuka wao pia.

Williamson hakuoa. Alifariki Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50. Mwaka huohuo warithi wake waliuza kampuni: nusu ikachukuliwa na De Beers, na nusu na Serikali ya Tanganyika, iliyokuwa bado mikononi mwa Waingereza.