Apolo Kivebulaya: mwalimu aliyekwenda Boga na jembe

Jina Kivebulaya si la ukoo. Ni jina la utani la Kiganda, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, na watu walimpa kwa sababu alizoea kuvaa koti jekundu la kizungu juu ya kanzu yake. Ukilisikia jina hilo unaweza kudhani alikuwa mtu wa kupenda vya ng'ambo. Maisha yake yalikwenda kinyume kabisa na koti lile.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, kwa hiyo akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia, kama wengine wetu tunavyosema Kulwa. Ujana wake uliangukia nyakati mbaya. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakipigania ufalme wa Buganda, na vijana wengi walishika silaha, yeye akiwa mmoja wao. Alikaa kwanza upande wa Waislamu, baadaye akavutwa na masomo ya wamisionari wa Kiingereza. Alibatizwa mwaka 1895, akachukua jina la Apolo. Mwaka huohuo akaenda Toro kufundisha, na kwa kweli hakurudi tena kuishi kwao.

Mwaka 1896 walitafutwa walimu wa kwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki. Ndiyo Boga ya leo, katika mkoa wa Ituri, ambayo wasomaji wetu wengi wanaijua kwa miguu yao. Walimu wawili waliomtangulia walishindwa, kwa sababu mtawala wa huko, Tabaro, hakutaka wapewe chakula. Apolo alilijua jambo hilo kabla ya kuondoka. Akaenda na jembe.

Jembe hili tulitazame vizuri. Mara nyingi tukisikia kwamba mtu alithamini utajiri wa roho kuliko mali, tunafikiri alikaa akisali na chakula kikaja chenyewe. Apolo alilima. Hakutaka Injili yake itegemee sahani ya chifu, maana anayekulisha anaweza pia kukunyamazisha. Kwa hiyo alitafuta chakula chake kwa mikono yake, na alipokwisha kulima alifundisha watu kusoma.

Tabaro hakupendezwa. Mafundisho yale yaligusa mambo aliyoyapenda: pombe, wake wengi na heshima ya mizimu. Apolo alipigwa, na nyumba aliyoijenga ikachomwa moto. Kisha likatokea jambo zito zaidi. Dada yake Tabaro alichomwa na mkuki kwa ajali wakati wa shughuli za ujenzi, akafa, na lawama ikamwangukia mwalimu mgeni. Alipelekwa Fort Portal akiwa mfungwa, na huko akafungwa minyororo. Baadaye ikaonekana hana hatia, akaachiliwa.

Katika siku hizo za mateso, kama alivyosimulia mwenyewe, alimwona Kristo aking'aa kama jua na kumtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Kila msomaji atapima habari hiyo kwa imani yake. Linaloonekana wazi ni alichofanya baada ya kutoka kifungoni. Alikuwa na sababu zote za kurudi Buganda, naye akarudi Mboga, kwa mtu yuleyule. Tabaro alishangaa, na baada ya muda akaanza kujifunza. Mwishowe alibatizwa.

Mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi, na mwaka 1903 kasisi. Mwaka huo wa 1900 ndio wa Mkataba wa Buganda, ambao uliwapa machifu na wakubwa maeneo makubwa ya ardhi. Watu wa rika lake huko nyumbani walitajirika. Yeye alikuwa akitembea kwa miguu katika Toro na pembeni mwa milima ya Rwenzori, akianzisha makanisa na shule ndogo. Hakuoa, msichana aliyekuwa amemchumbia alifariki. Zawadi alizopewa aliwagawia wengine.

Mipaka nayo ikabadilika. Mapatano ya Waingereza na Wabelgiji yaliiacha Mboga upande wa Kongo, na Wakristo aliowafundisha wakajikuta katika nchi nyingine bila kuhama hata hatua moja. Apolo aliwafuata, akahamia kwao katika miaka ya vita kuu ya kwanza. Kuanzia mwaka 1921 aliingia pia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau kiasi cha kutowahesabu kama watu kamili. Alikaa nao na kula nao, na Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha yao. Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni wa Namirembe. Cheo hicho hakikumtoa msituni.

Kutokana na kazi ile ya Boga likakua Kanisa la Anglikana la Kongo. Na njia aliyoipita imegeuka. Yeye alitoka Uganda akavuka kwenda Kongo akiwa na mzigo mdogo. Leo watu wa Boga na vijiji jirani huvuka kuja Uganda, wengine wakiwa na mizigo midogo kuliko wake. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi wakaua zaidi ya watu 50. Kwa Waanglikana tarehe 30 Mei ni siku ya kumkumbuka Apolo.

Alikufa siku hiyo mwaka 1933, hukohuko Boga. Inasimuliwa kwamba desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki, upande wa nyumbani kwao Buganda. Apolo aliagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa bado haijaisha. Wakamzika hivyo.