Grace Hopper na Daftari la Mashine

Huenda umepata kufuatana na mzazi wako kupeleka kahawa ya maganda katika chama cha msingi. Ikiwa unaishi Kayanga, Nyakahanga au Nyaishozi katika Wilaya ya Karagwe, au Nkwenda, Kaisho au Murongo katika Wilaya ya Kyerwa, ambayo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, jambo hilo si geni kwako. Karani huitazama kahawa, huipima katika mizani, kisha huandika daftarini. Gunia likikataliwa, yafaa aandike sababu yake.

Sasa tuseme kwamba karani wa Nkwenda ameandika kuwa kahawa ni mbichi. Wa Kaisho ameandika kuwa haikuanikwa vizuri. Wa Nyaishozi ameandika kuwa ina maji, na wa Kayanga ameandika kuwa ni mbaya, basi. Wote wanne wameona kosa lile lile, yaani unyevu umezidi. Mwisho wa msimu kiongozi mmoja anataka kujua ni magunia mangapi yalikataliwa kwa sababu ya unyevu, ili aamue kama wakulima wahimizwe kutengeneza vichanja vya kuanikia. Atahesabu nini? Na yule mkulima wa Kayanga, aliyerudi nyumbani na gunia lake lenye jina la ubaya tu, atajuaje kama inampasa kuianika tena au kuipepeta?

Shida hiyo hiyo imo katika kompyuta. Katika sura hii utasoma maisha ya mwanamke aliyepambana nayo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Grace Brewster Murray alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika jiji la New York, Marekani. Babu yake, mzaa mama, alikuwa mhandisi mpima ardhi wa jiji hilo, na mjukuu aliruhusiwa kufuatana naye na kumshikia mti wa kupimia. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitaka kujua ni kitu gani kinachoifanya saa ya kengele ilie. Akaifungua moja, vyuma vikatawanyika, asiweze kuvirudisha. Akaifungua ya pili ili aone ya kwanza ilivyokuwa, na akaendelea hivyo mpaka zikafika saba, ndizo zote zilizokuwamo nyumbani. Mama yake hakumpiga. Alimwekea sharti kwamba tangu siku hiyo achezee saa moja tu. Wewe usijaribu jambo hili kwa saa ya baba yako kabla ya kuomba ruhusa.

Baba yake alikuwa amekatwa miguu yote miwili kwa ugonjwa, akitembea kwa miguu ya bandia. Huenda hali hiyo ndiyo iliyomfanya atake binti zake wasome sawasawa na mwanawe wa kiume, ili waweze kujitegemea. Grace alisoma hisabati na fizikia katika Chuo cha Vassar akamaliza mwaka 1928. Aliolewa na mwalimu aliyeitwa Vincent Hopper, ndipo akapata jina ambalo dunia inamjua kwalo. Mwaka 1931 alianza kufundisha hisabati Vassar, na mwaka 1934 alipata shahada ya udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, Bibi Hopper aliomba kujiunga na jeshi la majini. Alikataliwa. Umri wake ulikuwa umepita kidogo, uzito wake ulipungua karibu kilo 7 chini ya uliotakiwa, na tena ualimu wa hisabati ulihesabiwa kuwa kazi ya lazima kwa taifa. Hakukata tamaa. Aliomba kibali maalumu, na mwezi Desemba 1943 akapokewa. Mwezi Julai 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, mahali ilipokuwapo mashine iliyoitwa Mark I.

Usiifikirie mashine hiyo kama kompyuta unayoweza kuipakata. Urefu wake ulikuwa mita 15 na zaidi, na uzito wake ulizidi tani 4. Iliweza kujumlisha mara 3 kwa sekunde moja, lakini kuzidisha kuliichukua kama sekunde 6. Maagizo yake yaliandikwa kwa matundu katika ukanda wa karatasi. Tundu moja likikosewa, hesabu yote huharibika, na mashine haikuwa na njia ya kumwambia mtu amekosea wapi.

Hapa ndipo Bibi Hopper alipojifunza thamani ya daftari. Mabaharia wa pwani yetu wanalo neno batli, yaani daftari la chombo ambamo nahodha huandika mambo ya safari. Katika chumba cha Harvard, kilichosimamiwa na wanajeshi wa majini, mashine nayo iliandikiwa batli yake. Ilipoanza kazi, iliandikwa saa. Iliposimama, iliandikwa saa na sababu.

Tarehe 9 Septemba 1947 mashine iliyofuata, Mark II, ilikuwa ikijaribiwa, ikaanza kukosea. Wahudumu walikagua swichi zake nyingi za umeme, na ndani ya swichi namba 70 walimkuta nondo amebanwa, amekufa. (Usidhani kuwa ni nondo ya chuma ya kujengea nyumba. Huyu ni yule mdudu mwenye mabawa arukaye usiku kuizunguka taa.) Walimtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari, wakaandika kando yake saa aliyoonekana na namba ya swichi alimokutwa. Watu wengi husimulia kwamba Bibi Hopper ndiye aliyemkuta nondo huyo. Sivyo. Walimkuta wenzake, naye alipenda kuwasimulia watu habari hiyo. Pia desturi ya Kiingereza ya kuliita kosa la mtambo mdudu ilikuwapo tangu karne ya 19. Basi wale wahudumu walikuwa wakifanya mzaha, kwamba mara hii mdudu wa kweli ameonekana.

Lakini itazame tena ile kumbukumbu, uache mzaha. Mle mna wakati, mahali, na kitu kilicholeta kosa. Fundi ambaye hakuwapo siku hiyo angeweza kuisoma akajua swichi ya kuangalia. Karani wetu wa Kayanga, aliyeandika kuwa kahawa ni mbaya, hakufanya hivyo.

Katika miaka ile Bibi Hopper na wenzake walikuwa na desturi nyingine. Kila mmoja aliandika katika daftari lake vipande vya maagizo vilivyokwisha kujaribiwa, na mwingine alipovihitaji alivinakili kwa mkono. Akaona kwamba watu wazima wenye elimu kubwa hawawezi kunakili bila kukosea. Alikuwa amepata kuwa mwalimu, nami naamini jambo hilo halikumshangaza sana. Mwaka 1949 alihamia katika kampuni iliyotengeneza kompyuta ya UNIVAC, na kufikia mwaka 1952 alikuwa ametengeneza programu iliyofanya kazi hiyo ya kunakili na kuunganisha vipande bila mkono wa mtu. Programu ya namna hiyo huitwa kompaila. Mwanzoni watu hawakuamini. Walimwambia kuwa kompyuta hufanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu.

Akasonga mbele. Aliona kwamba makarani wa biashara si wanahisabati, na hakuna sababu ya kuwalazimisha waandike kwa alama. Kwa nini wasitumie maneno? Mwaka 1955 yeye na wenzake waliwaonyesha wakubwa wa kampuni programu ndogo iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza, na mashine ikayatii. Kisha, ili kukaza hoja, wakaonyesha ile ile kwa Kifaransa, na tena kwa Kijerumani. Wakubwa walishtuka, kwao ilikuwa haiwezekani kompyuta iliyotengenezwa Marekani ifahamu lugha za kigeni. Hawakutambua kwamba mashine haifahamu hata Kiingereza. Kwake neno ni alama iliyopangiwa kazi, na kazi ile ile yaweza kupangiwa neno la Kiswahili au la Kinyambo. Ilimbidi awaahidi kuwa mashine itatumia Kiingereza peke yake, ndipo fedha zikapatikana. Lugha iliyotokana na kazi hiyo iliitwa FLOW-MATIC.

Hata hivyo, kila kampuni ilikuwa ikitengeneza lugha yake. Programu iliyoandikwa kwa mashine ya kampuni moja haikufaa kwa mashine ya nyingine, na ofisi iliyonunua kompyuta mpya ililazimika kuandika programu zake zote upya. Mwezi Mei 1959 wataalamu wa serikali ya Marekani na wa makampuni walikutana kutafuta lugha moja ya shughuli za biashara. Lugha hiyo iliitwa COBOL. Bibi Hopper hakuitunga peke yake, kama wengine wanavyodai. Alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa wa lugha hiyo. Mwezi Desemba 1960 programu ile ile ya COBOL iliendeshwa katika mashine za makampuni mawili tofauti, ikaleta majibu yale yale.

Je, shida ilikwisha? La. Makampuni yalikubali jina la COBOL, lakini kila moja liliongeza lake na kupunguza lake. Hapa nyumbani Wizara ya Fedha ilipata kompyuta yake mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, mojawapo ya sababu ikiwa hasara na usumbufu wa mashine hizo katika hesabu za fedha. Kwa hiyo mambo haya hayakuwa ya Marekani peke yake.

Bibi Hopper alistaafu jeshini mwaka 1966. Mwaka uliofuata jeshi lilimwita tena kwa miezi 6, ili asawazishe lugha za kompyuta zake zote. Miezi hiyo ikawa miaka 19. Kikundi chake kiliandika programu za mtihani. Kompaila yoyote iliyodai kuwa ya COBOL ilipewa mtihani huo, na ilipoanguka ilijulikana imeanguka katika swali gani. Kuandika kanuni katika karatasi ni rahisi. Kuisahihisha mashine kama mwanafunzi asahihishwavyo ndiko kulikoleta mabadiliko.

Ofisini mwake alitundika saa ambayo mikono yake ilizunguka kinyume, kuwakumbusha wageni kwamba mazoea si sheria. Unaweza kuuliza: mtu aliyechukia mazoea alipendaje kanuni moja kwa wote? Mimi sioni mgongano. Mazoea hurithiwa bila kufikiriwa, lakini kanuni hukubaliwa na kujaribiwa.

Pia alizoea kuwagawia wasikilizaji wake vipande vya waya. Unaweza kufanya kama yeye. Chukua ukambaa mkavu wa mgomba, uukate uwe na urefu wa sentimeta 30. Huo ndio mwendo ambao nuru huweza kwenda katika nanosekunde moja, yaani sekunde iliyogawanywa mara milioni elfu moja. Ishara katika waya haiwezi kuupita mwendo huo. Sasa utafahamu kwa nini kompyuta iendayo kasi haina budi kuwa ndogo.

Kuna aina ya kompyuta ambayo huwezi kuifungua ukatafuta nondo. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa kampuni ya IBM huko Cambridge, Massachusetts, waliiwezesha kompyuta moja kubwa kujigawa, ikajifanya kana kwamba ni nyingi, na kila mtumiaji akaona kama anayo mashine nzima peke yake. Mashine hizo za ndani huitwa mashine pepe. Siku hizi ni nyingi mno. Mashine pepe haina swichi wala waya wake yenyewe. Ikifa, hakuna mwili wa kuchunguza. Mara nyingi shahidi mkuu ni maneno ambayo programu inayoitawala iliyaandika katika batli yake kabla ya kusimama.

Programu kama hiyo huandikwa na mikono mingi kwa miaka mingi. Mmoja huandika kuwa imeshindikana, wa pili kuwa haikuwezekana, wa tatu hutoa namba tupu. Wako pia wanaoandika kosa kama habari ya kawaida, na habari ya kawaida kama kosa, hata msimamizi aliyeamshwa usiku asijue kama aende kazini au alale. Kwa hiyo mafundi hurudi nyuma, wakapitia maagizo maelfu kwa maelfu, na kuyapa maneno yote umbo moja: kwanza saa, pili daraja, yaani kama ni taarifa, onyo au kosa, kisha sehemu ya programu, mwisho jambo lililotokea na, ikiwezekana, la kufanya. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, maana ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Bibi Hopper alistaafu mara ya mwisho mwezi Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali. Sherehe ilifanywa Boston, juu ya merikebu ya kale iitwayo Constitution. Alifariki dunia tarehe 1 Januari 1992. Mwaka 1996 manowari moja ya Marekani ilipewa jina lake. Daftari la Mark II limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa huko Washington, na yule nondo angali amebandikwa katika ukurasa wake, na saa yake kando.